Pointi ya Swali la Saba: Maisha ya Mwalimu Placide Wilondja, 1947–2002

Ndugu, majirani, walimu wenzake, wanafunzi wake wa zamani, na ninyi mlioteremka kutoka Lubondja kwa miguu: haya ndiyo maisha ya mtu tunayemrudisha leo udongoni. Yanasomwa na Félicité, mdogo wake wa mwisho. Marehemu mwenyewe aliyasahihisha mara mbili kwa kalamu nyekundu, akaagiza jambo moja lisiondolewe. Jambo hilo litakuja mahali pake.

Placide Wilondja alizaliwa Lubondja tarehe 14 Aprili 1947, mtoto wa kwanza wa Mzee Asukulu, mkulima wa muhogo, na Mama Sifa. Alikuwa mtoto wa maswali. Mama yake alisimulia kwamba siku moja alimtuma apeleke kikapu cha muhogo kwa jirani, naye akarudi nacho vilevile, kwa sababu jirani alisema “ni kidogo”, na Placide akataka kwanza aambiwe ni kidogo kuliko nini.

Alisoma shule ya msingi palepale Lubondja, kuanzia mwaka 1954 hadi 1960. Sekondari aliianza Uvira. Vita vya mwaka 1964 vikaikata, akakaa porini na wazazi karibu miaka miwili, na alipoketi tena darasani alikuwa na ndevu. Alipata diploma ya Serikali mwaka 1969, kisha akasomea fizikia katika chuo cha ualimu cha Bukavu, akahitimu Julai 1973.

Septemba ya mwaka huo alianza kufundisha sekondari ya hapa Baraka, na hakufundisha kwingine. Shule haikuwa na maabara. Alifundisha kwa ndoo, kamba, jiwe na mizani aliyoazima sokoni. Mama wauza samaki walimwogopa. Kabla hajanunua aliinama akatazama mshale wa mizani, akasema, “Mama, rudisha kwanza huyu mshale ku zéro.” Wengine walimpa samaki bure aondoke haraka, hakupokea.

Tarehe 9 Agosti 1975 alifunga ndoa na Anastasie, binti wa Nundu, katika kanisa katoliki la hapa. Mungu aliwajalia watoto sita. Ndoa yao ilidumu miaka ishirini na saba, na Mama Anastasie anasema katika miaka hiyo yote hakuwahi kumaliza sentensi moja ya uongo mbele ya mumewe bila kuulizwa, “Umepima?”

Sasa lile jambo.

Mnamo Juni 1986, katika mtihani wa mwaka wa tano, marehemu aliuliza swali la saba: je, neutrino ina uzito, ndiyo au hapana? (Yeye angesema masi, si uzito, na angekasirika, waombolezaji watuvumilie.) Neutrino ni chembe ndogo kuliko atomu. Inatoka kwenye jua, mabilioni kila sekunde, inapita katika ukucha wa mtu, katika mlima, katika ziwa lote mpaka upande wa pili, na haigusi kitu. Hata katika jeneza hili inapita. Kitabu cha marehemu kilisema uzito wake ni sifuri. Wanafunzi wote waliandika hapana.

Mmoja hakuandika hapana. Aliitwa Kirezi, binti wa Semutobo, mfugaji wa huko juu Minembwe, aliyemleta kusoma hapa mwambaoni. Aliandika hivi: “Ukiweka unyoya juu ya mizani ambayo baba anapimia siagi, mizani inasema sifuri. Lakini unyoya upo. Labda neutrino ina uzito, labda haina. Mizani yetu bado. Hatujui.”

Marehemu alimpa sifuri kwa kumi. Swali lilitaka ndiyo au hapana.

Lingekwisha hapo, lingekuwa kosa la mwalimu aliyefuata kitabu chake, na hakuna wa kumlaumu. Halikuishia hapo. Tarehe 2 Julai, siku ya proclamation, matokeo yanaposomwa mbele ya wazazi, marehemu alitaka kuchangamsha mkutano. Akalisoma jibu la Kirezi kwa sauti. Watu kama mia tatu wakacheka. Baadhi yenu mlikuwapo. Félicité alikuwapo, naye alicheka. Nje, watoto walianza kumwita yule binti Siagi. Alikuwa amepungukiwa pointi tatu tu kufika nusu, na zile za swali la saba zingemvusha. Semutobo alisimama, akachukua fimbo yake, akamwambia binti yake neno moja kwa Kinyarwanda, wakaondoka. Septemba ilipofika, Kirezi hakurudi.

Kwa miaka kumi na miwili marehemu hakulitaja jambo hili. Familia haijui kama alikuwa amelisahau.

Oktoba 1996 vita vilifika Baraka. Marehemu na jamaa yake walivuka ziwa mpaka Tanzania, wakakaa kambini, wakarudi Novemba 1997. Nyumba ilikuwa haina bati wala mlango. Katika mzigo wake mdogo kulikuwa na redio na madaftari ya pointi ya miaka ishirini na mitatu. Alipoulizwa kwa nini hakubeba sufuria, alijibu kwamba sufuria si zake peke yake. Hakuna aliyeelewa jibu hilo, na bado hatujalielewa.

Juni 1998, asubuhi moja, Mama Anastasie alikuwa anaanika ndakala uani. Marehemu akatoka ndani bila viatu, redio kifuani.

“Anastasie! Ile kitu iko na uzito!”

“Kitu gani, baba Henri?”

“Neutrino! Bajaponi bameona!”

“Kama iko nzito, basi iweke chini, ukuje unisaidie na hizi samaki.”

Redio ilikuwa imesema kwamba huko Japani, chini ya mlima, wataalamu walijaza tani elfu hamsini za maji safi ndani ya tangi, wakangoja. Mara chache sana neutrino moja iligonga maji na mwanga ukaonekana. Wakagundua kwamba neutrino hubadilika njiani. Inaondoka ikiwa ya aina moja na kufika ikiwa ya nyingine. Kitu kisicho na uzito kabisa, wakasema, hakiwezi kubadilika hivyo. Basi ina uzito. Ni kiasi gani? Hawajui.

Marehemu alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa mpaka jua likawa kali. Kisha akaingia ndani, akafungua daftari la mwaka 1986.

Miezi miwili baadaye vita vya pili vilianza, na njia ya Minembwe ikafungwa. Watu wa mwambao na watu wa juu, waliokuwa wakibadilishana samaki na siagi, hawakuonana tena ila kwa bunduki. Katika wakati kama huo marehemu aliandika barua juu ya ile sifuri kwa Kirezi, mwanafunzi wa kabila ambalo jina lake halikutajwa sokoni ila kwa laana. Machi 1999 akaibeba mwenyewe.

Alifika Lubondja, akalala kwa ndugu, asubuhi akapanda. Kwenye bariyeri vijana wenye silaha wakamsimamisha, wakafungua barua. Kilichofuata alikisimulia mara nyingi, na kijana mmoja aliyekuwa pale amethibitisha.

“Neutrino ni nani?” kamanda akauliza. “Ni mukubwa wa upande gani?”

“Si muntu. Ni kitu kidogo sana. Inapita mu nyumba, mu milima, mu mwili, na hakuna mwenye anaiona.”

“Inapita hata ku bariyeri yetu?”

“Hata sasa iko inapita.”

Kijana mmoja akageuka kutazama nyuma yake.

“Na kilo yake ni ngapi?”

“Bado hawajajua.”

“Mzee, we uko unaficha. Kitu yenye kupita pasipo kuonekana, kilo yake haijulikane, na unaipeleka kule juu? Mufungeni.”

Hapo Élie, aliyekuwa mwanafunzi wake, akajitokeza. “Chef, huyu mi namujua. Ni mwalimu wa fizikia. Alinipatia mbili ku kumi.” Akamgeukia marehemu. “Mwalimu, na ile mbili yangu, barua yake iko wapi?”

“We Élie, ile mbili ilikuwa huruma.”

Wakacheka wote, hata kamanda. Pengine kicheko hicho ndicho kilichomponya. Walimshikilia siku mbili, wakaichukua barua wakaulize wakubwa wao kuhusu neutrino, wakamteremsha. Jibu la wakubwa halijafika mpaka leo.

Mei mwaka huohuo Nicolas, mtoto wao wa tatu, alitoka kwenda Nundu kwa baiskeli. Hakufika, na hakurudi. Wengine walisema ni watu wa juu, wengine wakasema ni wa kwetu, na mmoja akaapa alimwona Kigoma. Kila habari ilivunja nyingine. Baada ya miezi mitatu Mama Anastasie alimkuta mumewe akiandika barua ya pili kwa Kirezi, akamwambia neno ambalo ameruhusu lisomwe leo: “Uko unatafuta mutoto wa bengine. Na wetu?”

Marehemu akaweka kalamu chini. “Wetu sijui pa kumutafuta. Huyu najua pale nilimupoteza.”

Aliendelea kuuliza. Wakati soko la katikati, walipokutana watu wa mwambao na wa juu, lilipofunguliwa kwa siku chache, mwanamke mmoja aliyeitwa Mukantwari, muuza siagi, alimwambia Mama Anastasie kwamba Kirezi yuko Uvira. Mwingine alisema ameolewa Rwanda. Wa tatu alisema alifariki zamani kwa uzazi. Marehemu aliyaandika yote matatu kwa mstari na tarehe, na pembeni akaweka alama ya kuuliza. Barua zilikuwa nne. Hatujui hata moja kama ilifika.

Ugonjwa ulianza Februari 2002, kikohozi na kukonda. Alilazwa Nundu mara mbili, na familia inawashukuru wauguzi. Kila walipompima alishuka: kilo hamsini na mbili, arobaini na sita, arobaini na moja. Muuguzi alisita kuandika. Marehemu akamwambia, “Andika kile mizani inasema, mutoto wangu. Yenye niko nayo, Mungu atapima.”

Oktoba aliomba kurudishwa nyumbani, akamwita Félicité. Alimtaka asome mbele ya kaburi kwamba ile sifuri imefutwa.

“Yaya,” Félicité alimwambia kaka yake, “kilio si proclamation.”

“Nitapata wapi tena watu mia tatu?”

“Basi nipe namba. Kumi? Tano?”

Kumi marehemu hakuweza kumpa, maana mtihani ulitaka ndiyo au hapana, na Kirezi hakujibu hivyo. Tano ingekuwa kubahatisha, na hakuwahi kumpa mtu pointi kwa kubahatisha. Siku tatu mfululizo alibishana na nafsi yake kama aliyepotea njia katika kijiji chake mwenyewe. Félicité, ambaye ameongoza shule miaka kumi na tisa na hajawahi kuona daftari lisilo na namba, alimkasirikia mgonjwa, na leo anajuta. Siku ya nne marehemu aliomba daftari na rula. Akapiga mstari juu ya sifuri, akaandika maneno mawili, akatia sahihi. Mchana wa Jumanne tarehe 12 Novemba 2002, saa nane, alifariki, mkono wake katika mkono wa mkewe.

Jana wakubwa wa ukoo walikaa kikao. Henri, mtoto wa kwanza, alisema kwa heshima, “Shangazi, hilo jina usilisome. Kuna bantu hapa bamezika batoto. Batatoka.” Henri ana haki ya kuogopa, Nicolas alikuwa mdogo wake. Familia haikukubaliana, na haijakubaliana hata sasa. Lakini kosa lililofanywa hadharani halitubiwi chumbani. Kama mtu anaona vita vimetufutia wajibu kwa mtoto tuliyemcheka wakati wa amani, aonyeshe ni wapi palipoandikwa hivyo. Anayetaka kutoka, njia ipo. Anayebaki asikilize.

Marehemu ameacha mjane, Mama Anastasie; watoto watano, Henri, Nadège, Patrice, Fanny na Immaculée; Nicolas, ambaye hatumhesabu na wafu wala hatujui tumhesabu wapi; wajukuu saba; ndugu watatu, Isidore, Yowana na Félicité; na wanafunzi wa miaka zaidi ya ishirini na mitano.

Sasa tunatekeleza wosia wake. Proclamation ya tarehe 2 Julai 1986 inasahihishwa. Mwaka wa tano, somo la fizikia, swali la saba. Kirezi, binti wa Semutobo, wa Minembwe: si sifuri.

Ni ngapi, marehemu hakujua, na Japani hawajajua. Kirezi akiwa hapa kati yetu, asikie. Kama hayupo, atakayekutana naye, Uvira au Rwanda au kokote, ampelekee maneno hayo mawili, na amwambie yalisomwa kwa sauti mbele ya watu, na safari hii hakuna aliyecheka.

Yaya Placide, kalamu umeiweka chini. Mungu akupime kwa mizani yake, si kwa yetu, na akupe pumziko.