Kelele mu Masikio Haikukuwa ya Mizimu

Murudishie Bwana sifa, ndugu zangu! Nasema tena, murudishie Yeye sifa! Mimi Kubuya ningepaswa kuwa mu udongo, na leo nasimama mbele yenu nikiwa muzima.

Mimi ni muntu wa Walikale, wa pori, chini ya Kalembe. Baba yangu alikuwa muwindaji, na mimi vilevile. Ndugu zangu, kule kwetu muntu hawindi na macho, sababu majani inafunga macho. Anawinda na masikio. Unasikia kengele ku shingo ya mbwa, unasikia nguruwe ikivunja kijiti, na unajua iko upande gani. Wenzangu walinitanguliza siku zote juu ya masikio yangu, na mimi nilijivuna sana. Nilikuwa nimebatizwa, ndiyo, lakini moyo wangu ulikuwa unategemea masikio kuliko Mungu.

Kisha kikohozi kikanikamata. Mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nguo zikawa kubwa juu yangu. Siku moja nilikohoa mu kitambaa cha bibi yangu Esta, mama ya mwana wetu Yohana, tukaona damu. Esta hakulia. Alifunga mizigo, akaniambia, "Papa Yohana, twende ku lopitali." Tukapanda milima ya Masisi siku kwa siku, mimi nikipumzika ku kila kona ya njia, mpaka tukafika.

Munganga wa lopitali alisema ni ugonjwa wa kifua. Akasema zamani watu wa ugonjwa huo walikuwa wanakufa tu, lakini sasa kuna dawa mupya ya sindano. Kila asubuhi nilichomwa. Na dawa ikafanya kazi, ndugu zangu! Homa ikashuka. Damu ikakauka. Nikaanza kumaliza sahani ya ugali na sombe ya majani ya muhogo, nikiomba ingine.

Lakini asubuhi moja nikasikia nyenze zinalia. Nikamuuliza jirani wa kitanda, muzee mumoja mufugaji wa Burungu, "Papa, hizi nyenze ziko wapi?"

Akanitazama. "Nyenze gani, mwanangu? Hapa hakuna nyenze."

Nikajifunika blanketi mpaka ku masikio. Kutoka siku ile sikupata utulivu! Kelele ililia mu kichwa wakati nilikuwa ninakula, wakati nilikuwa ninaomba. Midomo yangu ikafa ganzi, kama si yangu. Nikisimama, chumba kinazunguka. Nikikaa, ninataka kusimama. Nilitembea kutoka kitanda mpaka mulango, kutoka mulango mpaka kitanda, nikishika vitanda vya wenzangu, mpaka wakanikemea. Na munganga akiniuliza, "Kubuya, unajisikia aje?" mimi ninajibu, "Muzuri tu." Nilidanganya! Niliogopa wataniita mwenda wazimu.

Mujomba wangu akaja kunisalimia. Yeye bado alishika mambo ya zamani. Nilimueleza yote, yeye peke yake. Akanikaribia, akasema, "Ile si nyenze. Ni wawindaji wetu waliokufa. Wanakuita sababu uliacha desturi zao. Hii sindano inawakasirisha. Uiache, urudi nyumbani, tutakufanyia inavyopasa."

Ndugu zangu, nilimuamini. Kesho yake, wakati Esta alikuwa anafua nguo ku muto, nilivaa koti yangu, nikatoka kama muntu anaenda chooni, nikashika njia ya nyumbani. Nilitembea nikiyumba kama mulevi. Watoto wa njiani walinicheka. Sikujali. Kitu kimoja tu kilinisukuma: kukimbia ile kelele. Lakini ilitembea nami!

Nikafika ku muto mwingine, mbali na lopitali. Kilalo cha kuvukia kilikuwa muti mumoja tu, umelazwa juu ya maji. Miti ya namna ile nilivuka tangu utoto, na nyama mu mabega, bila kufikiri. Siku ile niliweka muguu wa kwanza, wa pili, wa tatu, na mbingu ikageuka. Nikaanguka mu maji. Yakanibeba mpaka nikashika muzizi. Nilikohoa, nikapiga kelele, "Yesu, unikamate! Sijui tena juu ni wapi na chini ni wapi!" Ile njo maombi yangu ya kwanza ya kweli.

Na Esta akatokea! Alikuwa amekuta kitanda changu kitupu, akafuata alama za miguu yangu ku matope. Alishuka, akanikamata ku koti, akanivuta mpaka ku majani. Halafu akakaa, akanitazama, na pale njo nilimuona analia.

"Kwa nini hukuniambia?"

Nikamueleza nyenze, midomo, kizunguzungu, na maneno ya mujomba. Akapangusa uso, akasema, "Mizimu ao hapana, mimi sijui. Lakini munganga anayekuchoma hajui unaumwa nini, sababu umemuficha. Turudi umuambie. Halafu Mungu atatuonyesha."

Tulirudi polepole, mimi nikiegemea bega lake. Nilimuambia munganga yote. Hakunicheka. Akasema, "Simama. Uunganishe miguu. Sasa funga macho." Nikafunga macho, na palepale nikaanguka mu mikono yake.

Akasema, "Kubuya, si mizimu na si wazimu. Ni dawa. Inaua ugonjwa wa kifua, lakini kwa watu wengine inaumiza mambo ya ndani ya sikio, pale panaposikia na panaposimamisha muntu asianguke. Ungeniambia siku ya kwanza, tungeipunguza mbele ya kufika hapa."

Munganga akasimamisha sindano, akanipa dawa ya kumeza. Ile nayo ilinisumbua tumbo, nikatapika, nikaenda chooni mara nyingi. Lakini sasa nilisema! Kila asubuhi nilisema. Wakanionyesha kuimeza nikiisha kula chakula, na tumbo likatulia. Nilikaa ku lopitali miezi mingi, na siku moja munganga akaweka sikio ku mugongo wangu, akasikiliza, akaniambia, "Kifua kimepona."

Haleluya!

Sitawadanganya. Sikio la kushoto lilikufa, halisikii tena, na nyenze bado inalia pale, hata sasa ninaposema. Kuwinda kumekwisha. Nilipotambua ile, niliomboleza kama muntu aliyefiwa. Mujomba bado anasema nimekaidi. Lakini ninalima viazi na maharagi ku hii milima yenu ya Masisi, watoto wangu wana baba, na ile woga iliyonitoa mbio mu kitanda imeniacha kabisa. Kelele iko, lakini hainiamuru tena! Ninamushukuru Mungu juu ya dawa, juu ya munganga, juu ya bibi aliyefuata miguu yangu mu matope.

Ndugu zangu, pengine kuna muntu hapa anayemeza dawa, na mwili unamusumbua, na anafikiri kutoroka. Usitoroke! Usinyamaze! Umuambie munganga yote, na umuambie Bwana yote, Yeye hachoki kusikiliza. Na kama unaogopa kwenda peke yako, utanikuta ku mulango ibada ikiisha. Simama upande wangu wa kuume, sema kwa nguvu, na tutakwenda pamoja. Amina.