Evaristo Peña Longoria, Aliyeifikia Desemba Yake

Ndugu, jamaa na majirani mliokuja kumsindikiza Evaristo, mimi niliyekabidhiwa karatasi hii ni Odilia, mdogo wake wa mwisho. Alinichagua mwenyewe mbele ya mkewe, akisema mwenye mdomo katika familia yetu ni mimi. Basi mnivumilie.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Novemba 1951 katika shamba la mifugo la Las Ánimas, maili tisa kutoka Freer, Texas, akiwa mtoto wa pili kati ya watano wa Anselmo Peña, mchunga ng'ombe, na Ofelia Longoria. Wazazi wote wawili wametangulia mbele ya haki. Alipotimiza miaka saba baba alimpa jozi ya pembe za kulungu, akamfundisha kuzigonganisha kama madume wawili wanaogombea jike. Tangu siku hiyo hatukupata usingizi wa alfajiri nyumbani kwetu.

Alisoma hapa Freer hadi mwaka 1968. Walimu walimpenda, isipokuwa wiki moja ya Desemba 1965, alipokwenda darasani na chupa ya mkojo wa kulungu jike aliyekuwa kwenye joto. Padre anisamehe, lakini ndivyo ilivyokuwa. Alitaka kwenda kuutumia porini kuvutia madume baada ya masomo. Chupa ikapasuka ndani ya mkoba, darasa zima likatoka mbio, na yeye akarudishwa nyumbani siku tatu. Baba alijaribu kumgombeza, akashindwa kwa kicheko. Zile siku tatu Evaristo alizimalizia porini.

Kuanzia mwaka 1970 hadi 2014 alikuwa fundi wa pampu za upepo, zile zinazovuta maji ya ng'ombe. Hakuna shamba katika Kaunti ya Duval ambalo hakupanda mnara wake. Huko juu ndiko alikojifunza kulungu wanapita wapi, na msimu wa kupandana ulipofika wenye mashamba walimwita awaongoze wageni kutoka Houston na Dallas. Wageni walikuja na filimbi za dukani za kuitia kulungu na manukato ya kila rangi. Aliwaambia waviache garini. Yeye aliguna kwa koo lake mwenyewe, mguno mfupi mzito wa dume anayefukuza jike, na maisha yake yote hakuwahi kununua filimbi. Aliwafundisha kukaa upepo ukiwapiga usoni, kugonga pembe dakika tatu, kukwaruza kichaka, kisha kunyamaza dakika ishirini. Wengi walishindwa kunyamaza.

Desemba 1974 alikuwa amejificha kando ya uzio wa akina Salinas, akigonga pembe zake, mara akasikia madume wawili wakipigana upande wa pili. Akagonga kwa nguvu zaidi, nao wakazidisha. Baada ya saa nzima alitambaa kwa tumbo katikati ya dungusi kakati, akatokea mbele ya msichana aliyekaa chini ya mti na pembe mbili mkononi.

"Wewe ndiye uliyekuwa unagonga?" msichana akafoka. "Saa nzima nimepigana na wewe?"

"Nawe ndiye dume wangu?" Evaristo akamjibu huku akichomoa miiba tumboni.

"Ndiyo! Na nilikuwa nakushinda!"

Huyo alikuwa Delfina Salinas. Walifunga ndoa tarehe 7 Juni 1975, wakajaliwa watoto watatu, na ule ubishi wa nani alikuwa anamshinda mwenzake haukwisha kwa miaka arobaini na tisa.

Mwezi Machi mwaka jana alianza kukohoa. Mei, huko San Antonio, alikutwa na saratani ya mapafu, na daktari akamwambia bila kuzunguka kwamba huenda asivuke Oktoba.

"Daktari," kaka akasema, "huku kwetu madume wanaanza kufukuza majike katikati ya Desemba. Oktoba nitafanya nini mimi?"

Hakuwa anatania. Alitaka kumwita dume mmoja zaidi kwa koo lake. Si kwa filimbi, si kwa kuitiwa na mtu. Na koo lenyewe linaendeshwa na pumzi, kitu alichokuwa akikipoteza kila siku. Oktoba ikaja, akalala kitandani wiki mbili, tukamwita padre. Ikaondoka, na yeye yupo. Novemba akawa anafanya mazoezi ya kuguna jikoni, miguno miwili anakohoa, miwili anakohoa. Watoto wake walikataa katakata atolewe nje kwenye baridi. Delfina akawauliza, "Mnataka afie wapi, mbele ya televisheni?" Mjadala ukaishia hapo.

Jumatano tarehe 18 Desemba, alfajiri, tulimpakia kwenye gari pamoja na mtungi wake wa oksijeni. Mikono ya Delfina imeharibiwa na baridi yabisi, kwa hiyo kazi ya kugonga pembe nilipewa mimi, nisiyewahi kuwinda hata sungura. Tulipofika kwenye kibanda cha kuvizia, kaka akanusa.

"Nani amejipaka dawa ya kifua?"

Nilikuwa mimi. Kulikuwa na baridi, jamani! Akanivua koti mbele ya wifi yangu, akanipaka tezi za harufu za mguu wa dume aliyeuawa mwezi uliotangulia, ili kulungu wasininuse. Nilinuka hadi misa ya Krismasi, na waliokaa nami benchi moja wapo hapa, ni mashahidi.

Nikaanza kugonga.

"Odilia, hao ni madume au unaosha sahani?" akaninong'oneza. "Saga! Sukuma! Una hasira, mwenzako kakuchukulia jike!"

Nikamkumbuka mume wangu wa kwanza, nikagonga vizuri sana. Kisha tukanyamaza. Delfina alikuwa ameshika mkono wa mumewe. Ndipo Evaristo akatoa ule mpira wa oksijeni puani, maana ulikuwa unavuma, akavuta pumzi hadi mabega yakapanda, akaguna. Mara moja. Mbili. Nikajua ya tatu haitoki. Nikasali. Ikatoka, nzito kuliko zote.

Dume alitokea kichakani akiwa amelaza masikio, shingo imevimba, manyoya yamesimama mgongoni, anatafuta wa kupigana naye. Pembe zilikuwa na ncha kumi na moja. Alipofika hatua arobaini, kaka alifyatua risasi moja tu, na kulungu akaanguka pale pale.

Tukamrudishia mpira wake haraka. Alikuwa anacheka huku analia. Neno la kwanza alilosema lilikuwa, "Na huyo daktari alisema Oktoba!" Tukapiga vigelegele sote watatu, watu wazima na mvi zetu, porini.

Marehemu alifariki nyumbani kwake, kitandani, Jumatatu tarehe 6 Januari 2025, saa nne na dakika ishirini asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na mitatu. Ameacha mjane, Delfina, watoto watatu, Ramiro, Graciela na Noé, wajukuu saba, na mimi, dada yake pekee aliyebaki.

Tukitoka hapa makaburini, hakuna anayeruhusiwa kwenda nyumbani. Ukumbini kuna tamale mia nne, na nyama iliyomo ndani ya unga wake wa mahindi ni ya dume yule. Aliyempasua ni Noé, Evaristo akiwa kwenye kiti anatoa amri, na viungo vya kupikia Evaristo alivipima mwenyewe. Aliagiza zipikwe leo na asibakishe mtu hata moja. Mtakula alichokiita kwa pumzi yake.

Lala kwa amani, kaka yangu. Ulifika Desemba, ukaivuka.