Mzee Kenchi na Neno Lisilotajwa Juu ya Paa

Mjane wa marehemu ameagiza wasifu huu usilainishwe. "Mkisoma maneno ya sukari, nitasimama niwakatize," amesema, na wanaomjua wanajua hatishii bure. Basi tusikilizane.

Marehemu, tuliyemzoea kwa jina la Mzee Kenchi, alizaliwa tarehe 14 Aprili 1949, mtoto wa tatu wa fundi seremala, katika nyumba iliyokuwa nyuma ya karakana ya baba yake. Alijifunzia kutambaa juu ya maranda.

Alisoma hadi darasa la nane. Siku moja alipanda paa la shule kuutoa mpira, mwalimu akamsubiri chini na fimbo. Marehemu akakaa huko huko hadi mwalimu alipochoka, na kwa kuwa hakuwa na la kufanya, akaliziba tundu lililokuwa likivujia meza ya mwalimu huyo huyo. Fimbo ikasamehewa.

Mwaka 1966 alishika nyundo, akawa fundi wa kuezeka hadi mwaka 2014. Kenchi zake, zile mbao zinazobeba mabati, hazikupinda, ndipo akapata jina. Juu ya paa alikuwa na sheria moja: neno "kuanguka" halitajwi. Aliyelitaja alishushwa akabebe mbao kutwa. Ikibidi, fundi alisema "kushuka bila ngazi." "Mtu haiiti mvua wakati anaezeka," alikuwa akituambia.

Alifunga ndoa tarehe 8 Julai 1973 na binti wa mwenye nyumba aliyokuwa akiiezeka. Fundi hashuki mpaka aliye chini aishike ngazi na kuita, "Imeshikwa!" Binti huyo ndiye aliyekuwa akiishika. Kazi ya wiki moja ikachukua mwezi mzima, na mkwe hakushangaa.

Tarehe 11 Februari 2023 aliteleza bafuni, akavunjika nyonga. "Mapaa yote yale, kumbe aliyekuwa akinivizia ni kipande cha sabuni," alimwambia mkewe, wakacheka wawili hao wakisubiri gari la wagonjwa. Alipasuliwa, akawekewa chuma, mfupa ukaunga vizuri. Hapo hatumlaumu mtu.

Lawama zinaanzia chumba cha mazoezi ya viungo. Mtaalamu wa kupima hofu za wazee waliovunjika alimkalisha, akauliza bila kuinua macho:

"Mzee, unaogopa kuanguka ukiwa unaoga?"

"Siogopi."

"Ukipanda ngazi je?"

"Ngazi?" Marehemu alicheka. "Ngazi ndiyo iliyowasomesha wanangu."

Mkewe alifungua mdomo aeleze kwamba neno hilo mumewe hakulikubali maisha yake yote. Akaambiwa, "Mama, mwache mgonjwa ajibu mwenyewe." Hofu ikapimwa, ikaonekana hakuna, na nafasi yake ya mazoezi akapewa mwingine.

Mwenye kovu usidhani amepoa. Nyumbani alitaka kitu kimoja tu: kufika barazani kwa miguu yake, alitazame paa jipya la jirani, ambalo kwa kusikia tu mvua ikilipiga alisema limepigiliwa misumari na kipofu. Lakini mtu aliyetembea juu ya mbao nyembamba kama kiganja sasa hakuweza kutoka kitini hadi mlangoni bila kuukumbatia ukuta. Wageni wakasema anadeka. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Siku moja mkewe aliukuta udongo wa chungu cha maua kando ya kiti umelowa. Mzee alikuwa akiyamwaga maji yake ya kunywa, asije akahitaji kwenda msalani. Mama akaketi sakafuni mbele yake, akamuuliza kwa lugha ya paa.

"Mzee wangu, unaogopa kushuka bila ngazi?"

"Kila nikisimama, mama watoto. Kila nikisimama."

Mama alirudi hospitali, akaeleza yote, akaomba mumewe aulizwe upya. "Mama, tulishampima. Hana hofu." Akarudi tena. "Tulishampima." Familia hii ina hasira, na haitaificha mbele ya jeneza. Kuuliza si ujinga, lakini kuuliza ukiwa na jibu lako mfukoni ni nini? Mlipima mguu, mkaupiga mfupa picha, mkashindwa kumtazama mzee akinyanyuka kitini! Mngeiona mikono yake ilivyong'ang'ania, msingehitaji hata kumuuliza.

Kwa kukosa maji figo zilipata maambukizi, na kwa kukaa muda mrefu mwili haukuwa na nguvu ya kupambana. Alifariki tarehe 3 Septemba 2023, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mkewe. Barazani hakufika.

Ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu tisa, dada mmoja, na mapaa mengi ambayo mvua haijayaweza. Paa la jirani limeanza kuvuja, kama alivyosema.

Mafundi wenzake wameomba washike kamba za jeneza. Mama amekubali kwa masharti: washushe taratibu, na lile neno asilitaje mtu. Yeye mwenyewe atasimama ukingoni, mahali pake pa siku zote, na ndiye atakayeita.

Shuka, Mzee Kenchi. Imeshikwa. Upumzike kwa amani, pasipo hofu.