Kobe Waliopakwa Wanja: Tunamuaga Mama Fadhila

Mama Fadhila Shakuru anastaafu tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na miwili katika maabara yetu ya uchunguzi wa ziwa hapa Bujumbura. Aliingia akiwa binti wa Buyenzi mwenye sauti kubwa. Anatoka akiwa bibi wa Buyenzi, na sauti haijapungua hata kidogo.

Kazi yake tangu mwanzo ilikuwa metali nzito: risasi, zebaki na ndugu zao, wale wasioonekana wala kunuka, lakini wakishaingia mwilini kuwatoa ni kazi. Wenzetu wenye bahari huzitafuta kwenye magamba ya kasa. Sisi bahari hatuna, ila Tanganyika tunayo, na kobe wake huishi miaka mingi na kula chochote wanachokikuta. Mama Fadhila alikwangua unga kidogo wa gamba, akaupeleka kwenye mashine, kobe akarudishwa majini. Kobe hawakuupenda utaratibu huo. Yeye mwenyewe ana kovu kwenye kidole cha shahada, ingawa nyumbani alisema ni mlango wa teksi.

Kisa cha wanja wengi mnakijua, lakini mnakijua vibaya, hasa nyinyi wa uhasibu. Basi leo kiandikwe kama kilivyokuwa.

Kobe akivuliwa mara ya pili lazima atambulike, kwa hiyo kila mmoja aliandikwa namba mgongoni. Kalamu tulizoletewa na wafadhili zilifutika kobe hata hajafika kwenye matete. Mama Fadhila, ambaye siku hizo hakutoka nyumbani bila wanja machoni, alinunua wanja wa manga pale soko la Jabe, akauchanganya na mawese, akaandikia namba. Hazikufutika. Tulimpigia makofi, na kusema kweli wale kobe walipendeza.

Msimu uliofuata, kila kobe mwenye namba alikutwa na risasi ya kutisha. Wasio na namba walikuwa salama salimini. Mkurugenzi wetu, Bwana Méthode, alifikiri sana, akahitimisha kwamba hao wasio na namba ni wageni waliovuka juzijuzi kutoka upande wa Kongo. Sote tukaitikia kama wasomi. Taarifa ikaandaliwa: ziwa limeingia sumu, samaki wa ufuo wetu wasiuzwe. Wakuu wakaalikwa kuja kuisikia. Masikini akina mama wauza ndagala, mpaka Gatumba huko, hawakujua kinachowajia.

Asubuhi ya mkutano Mama Fadhila alisimama mbele ya kioo cha chooni, akijipamba kwa ajili ya wageni. Jicho la kulia likapata wanja. Kabla ya kuhamia la kushoto akakitazama kile kijiti mkononi, loo, akili ikamjia! Aliingia ukumbini jicho moja limepakwa, jingine tupu, Bwana Méthode akiwa ndiyo kwanza anafungua mdomo. Maneno yake tunayakumbuka wote: "Apana, mukubwa, ngoja kwanza! Samaki haina kosa. Makosa ni yangu mi!"

Wanja ule ukapimwa wakuu wakiwa wamekaa. Risasi ilikuwa nyingi hata mashine ikagoma kuisoma. Ukumbi ulicheka, wakuu walicheka, hata Bwana Méthode alicheka, baada ya kunywa maji. Aliyekuwa hacheki ni Mama Fadhila peke yake. Alikuwa amemkumbuka mjukuu wake Houda, kichanga bado, ambaye kila Ijumaa alimpaka wanja uleule, kama mwenyewe alivyopakwa na mama yake, ili macho yapate nguvu na husuda ikae mbali. Alitoka mbio na koti lake jeupe, akaikata Jabe yote akilia hadharani.

Damu ya Houda ilikutwa na risasi. Daktari alisema wazi kwamba risasi huiba akili ya mtoto kidogo kidogo, na kwamba huenda huyu akaja kushindwa hata kusoma. Mama Fadhila hakujificha. Alimweleza binti yake Kudra kwa mdomo wake mwenyewe, akanuniwa, akakubali. Kwa miezi mingi aliingia kazini kimya, jambo lililotutisha kuliko zebaki. Risasi ikashuka pole pole. Siku majibu yalipotoka safi aliimba korido nzima, na aliimba vibaya.

Tangu hapo amepima wanja wa akina mama wa Buyenzi, wa Jabe, hata wa Musaga. Hakumwita mtu mjinga. Alianza kila mara kwa kusema kuwa yeye mwenyewe alimpaka mjukuu wake. Akialikwa arubaini ya mtoto, huuliza wanja umetoka wapi kabla hajagusa pilau, na wenyeji wamezoea.

Mama Fadhila, asante kwa kelele zako, na asante kwa siku ile uliyokubali kuchekwa ili watu wengine wapate kula. Mungu akupe afya, usingizi mzuri na majirani wavumilivu. Hatukukwambia ni nani tuliyempa karatasi hii aisome leo mbele ya watu wote, maana ungeanza kulia mapema.

Houda, umesoma vizuri sana. Sasa nenda ukamkumbatie bibi yako.