Mzee Bado na Kamera ya Hivi Karibuni

Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu, waheshimiwa wajumbe wa bodi, ndugu wakuu wa idara, wageni waalikwa, mafundi wenzetu wa karakana, na wewe Mzee wetu unayetuaga leo, pamoja na mama aliyeketi ubavuni mwako: habari za mchana.

Nimeambiwa nizungumze kwa kifupi na kwa furaha. Kwa kifupi nitajitahidi. Hiyo furaha, jamani, nimeitafuta tangu asubuhi sijaiona.

Kwa wageni msionijua, mimi ndiye sauti ya simu ya kampuni hii. Mteja akipiga kuulizia kamera yake, napokea mimi. Na huyu tunayemuaga ni fundi mkuu wa karakana yetu, ambaye kila mtu humu ndani anamwita Mzee Bado. Jina hilo hakupewa na mama yake. Alilipata kwa sababu kila wakubwa walipochungulia mlangoni na kuuliza, "Fundi, kamera tayari?", yeye, bila kuinua macho kutoka kwenye lenzi, alijibu, "Bado." Hakusema inakaribia. Hakusema tuombe Mungu. Bado yake ilikuwa bado kweli.

Balaa lilianza siku wapinzani wetu wa ng'ambo ya barabara walipotundika bango wakitangaza kamera inayoona gizani kama paka. Ndugu zangu, patashika ya asubuhi ile! Kikao cha dharura, milango imefungwa, chai imepoa vikombeni. Kufika saa ya chakula, na sisi tumeshatundika letu, kubwa kuliko lao: kamera yetu inaona gizani na kwenye ukungu pia, itakuwa madukani hivi karibuni. Mzee alilisoma bango hilo akitoka kula. Akanijia mapokezi, akaniuliza, "Binti yangu, hiyo kamera anaitengeneza nani?"

Nikamwambia, "Wewe, baba."

Akavuta kiti akakaa.

Kisha akainuka, akarudi karakana, akaanza kuitengeneza kweli, maana neno lilikuwa limeshatoka. Alipopata lenzi, mashine ya ndani ikachemka. Alipoituliza isichemke, betri ikawa haimalizi hata sherehe moja ya harusi. Yeye akihangaika huko nyuma, mimi huku mbele kazi yangu ikawa kuwapiga watu danadana. Hivi karibuni, mama. Hivi karibuni, kaka yangu. Kuna mwalimu alitaka kamera hiyo awapige picha watoto wake wa darasa la kwanza wakiigiza, kwa sababu ukumbi wa shule yao una giza. Alipiga simu, akapiga tena, akapiga tena. Mara ya mwisho hata hakugomba. Alicheka tu, akasema, "Wale watoto sasa wana ndevu, dada. Hiyo hivi karibuni yenu ni ya lugha gani?"

Halafu likaja la harusi. Kaka wa mama huyu hapa, mke wa Mzee, ni fundi huko huko kwa wapinzani. Walipokutana kwenye harusi ya ukoo, Mzee akamvuta pembeni: "Shemeji, nyinyi mmewezaje isichemke?" Shemeji akamkodolea macho. "Sisi? Sisi hatuna hata skrubu moja! Tulisikia nyinyi mmefika mbali, wakubwa wakasema tuwahi kutangaza." Watu wanapiga vigelegele, na wazee wawili wamesimama wanatazamana kama waliofiwa.

Jumatatu Mzee akamweleza Mheshimiwa Mkurugenzi, akidhani sasa tutapumua. Mheshimiwa, uniwie radhi, lakini ulipiga makofi. Ulisema, "Hawana kitu? Basi tutangaze na toleo la pili!"

Mnacheka. Mimi nilikuwepo, na nilitamani kulia.

Sasa, desturi ya nyumba hii mnaijua: fundi anayestaafu hukabidhiwa kamera ya mwisho iliyotoka mikononi mwake. Sanduku hili hapa ndilo nililoagizwa nimkabidhi. Ndani yake mna ile kamera tunayoiweka mezani kwenye maonyesho ya biashara ili watu waitazame. Mafundi mnaifahamu, ni ganda tupu lililotiwa kipande cha chuma lipate uzito. Na nimeelekezwa kwamba akishalipokea alinyanyue, atabasamu, apigwe picha, ili kesho magazeti yaandike kuwa kamera ya kwanza imetoka na fundi wake amepewa. Kwa nini leo? Kwa sababu asubuhi hii wenzetu wametundika bango jipya.

Mzee wangu, sikuvishi kilemba cha ukoka. Katika nyumba hii, neno lako peke yake ndilo lililokuwa na uzito bila kutiwa chuma. Nilishinda kwenye simu nikisema maneno matupu, lakini moyoni nilijua huko nyuma yupo mtu mmoja ambaye akiulizwa atasema kweli. Kesho hayupo. Nani atasema bado? Nauliza, nani? Mbona mnatazama sahani? Kesho mlango utachunguliwa, swali litaulizwa, na mtu atajibu "Tayari, Mheshimiwa." Hapo ndipo tutakuwa tumekwisha, na mimi sioni wa kutuokoa.

Sanduku nakukabidhi, baba, kwa kuwa nimeagizwa na nina watoto wanaonitegemea. Kulinyanyua au kuliacha mezani ni juu yako. Ila yule mpiga picha pale ni wa kukodiwa, mabango yetu hayamhusu. Ana kamera ya zamani, nimeitambua, ni kazi ya mikono yako, ya enzi ambazo hatujajua kutangaza. Na kabla ya kubonyeza atatuuliza kama wapiga picha wote wanavyouliza: tayari? Nawaombeni nyote, wakubwa kwa wadogo, tufunge midomo. Tumwachie Mzee ajibu mara hii ya mwisho, na sisi tumsikie.

Nawashukuru sana kwa kunivumilia mpaka hapa. Mpiga picha, uliza.