Raba Mbili, Moja ya Jirani

Wasifu huu umeandikwa na binti wa kwanza wa marehemu na kupitiwa na mjane wake. Mjane alifuta sentensi tatu zilizomsifu yeye mwenyewe, akaongeza kisa kimoja kirefu, na kuagiza kisomwe kama kilivyo. Wanaomfahamu watajua kwamba hapakuwa na mjadala.

Marehemu alizaliwa siku ya Jumatano, tarehe 9 Aprili 1952, akiwa mtoto wa nne kati ya watoto saba. Baba yake alikuwa dereva wa greda na mama yake alishona sare za shule. Kwa kuwa familia ilihama kila barabara ilipokamilika, utoto wake ulipita kambini, katikati ya mapipa na magunia. Dada yake mkubwa, ambaye tuko naye hapa leo, anasimulia kwamba mdogo wake alijua kusoma kabla hajaanza shule, na kitabu chake cha kwanza kilikuwa mfuko wa saruji. Alipoufahamu vizuri akaanza kuwapima wageni. Mtu hajamaliza hata kuvua viatu, anaulizwa mfuko wa saruji una kilo ngapi. Aliyekosa aliambiwa kwa upole arudi tena kesho.

Alisoma katika shule nne za msingi na kumaliza mwaka 1967, kisha akajiunga na sekondari ya bweni mwaka 1968 hadi 1971. Aliongoza darasa katika lugha na jiografia. Hisabati ilimpiga chenga tangu mwanzo mpaka mwisho, naye hakuona haya kulisema. Alitamani kuendelea, lakini mwaka ule baba yake aliumia mgongo, na ikabidi wakubwa watafute kazi ili wadogo wasome. Hakuwahi kulilalamikia hilo, ingawa vyeti vyake alivitunza kwenye bahasha tatu, moja ndani ya nyingine.

Mwaka 1972 aliajiriwa katika kiwanda cha uchapaji kama msoma prufu, na hapo alikaa miaka kumi na saba. Kazi yake ilikuwa kusoma kila kitu kabla hakijachapwa: vitabu vya shule, kadi za harusi, maelezo ya dawa za ng'ombe, kalenda. Ndiye aliyeizuia kalenda ya mwaka 1979 isitoke na Juni yenye siku thelathini na moja. Msimamizi alipomwambia siku moja zaidi haimdhuru mtu, alimjibu, "Mwulize mwenye nyumba anayengoja kodi." Kwa kazi ile kichwa chake kikawa ghala. Alijua idadi ya mifupa ya binadamu, urefu wa milima na miji mikuu ya nchi ambazo hakuwa na nia ya kwenda.

Pamoja na hayo yote, kitu alichokitaka maishani kilikuwa kimoja. Alitaka meza serikalini. Alitaka kukaa nyuma yake, asimame mtu mbele yake na shida, na yeye aijue fomu inayohusika. Njia ya kufika huko ilikuwa mtihani wa kuingia utumishi wa umma, maswali mia moja, sitini ya maarifa ya jumla na arobaini ya lugha, na mwisho wa kuufanya ulikuwa kabla mtu hajatimiza miaka thelathini na mitano. Mwaka 1978 alikosa kwa alama mbili. Mwaka 1982 alishikwa na homa akatolewa chumbani akitetemeka. Kabla umri haujampita ilibaki nafasi moja tu, na hapa ndipo Mama yetu alipoingiza kisa chake.

Ilikuwa Jumamosi, tarehe 11 Oktoba 1986, katika ukumbi uliojaa watahiniwa mia tatu. Majibu yaliwekwa kwenye karatasi ya pekee, kwa kutia weusi wa penseli katika viduara vilivyopangwa kwa safu zenye namba. Kwenye meza ya kulia kwake alikaa binti mmoja aliyekuwa na kiganja kinachotoka jasho, na kabla ya swali la kumi karatasi yake ilikuwa imeshachafuka. Akanyoosha mkono. Msimamizi akauliza kwa sauti, "Nani ana raba ya kufutia?" Ukumbi mzima ukainamisha vichwa kana kwamba raba zimepigwa marufuku. Marehemu akatoa yake, ya pekee aliyokuwa nayo, akampa msimamizi, naye akamfikishia yule binti.

Dakika kumi kabla ya muda kwisha, binti yule alimwona jirani yake akihesabu safu za karatasi yake kwa kidole, akarudia kuhesabu, kisha akaanza kupapasa meza. Akanyoosha mkono. Msimamizi akamwambia, "Dakika kumi za mwisho hakuna kupeana kitu. Ukijongea, nakutoa." Raba ilikuwa ndani ya ngumi ya yule binti. Aliogopa kutolewa, hakuifungua ngumi. Walipotoka nje alimfuata ili amrudishie.

"Kaka, samahani. Raba yako."

"Kaa nayo tu. Mimi sina kazi nayo tena."

"Ulikuwa unaitaka kule ndani. Nilikuona."

"Aa, nilitaka kufuta doa." Kisha akacheka, akamwuliza, "Wewe swali la themanini na mbili umejibu nini?"

Walibishana juu ya swali hilo mpaka kituo cha basi, na mabasi mawili yakawapita. Matokeo yalipotoka, binti alikuwa wa sita kati ya mia tatu. Marehemu, aliyewafafanulia wenzake nusu ya maswali siku ile ile, alikuwa wa mia mbili na themanini. Binti yule, kama mlivyokwisha kumjua, ndiye mjane wetu. Walioana Jumamosi ya tarehe 18 Juni 1988, na wakajaliwa watoto watatu. Yeye ndiye aliyepata meza. Alifanya kazi katika ofisi ya kusajili vizazi na vifo kwa miaka ishirini na saba, na kila asubuhi marehemu alimsindikiza mpaka mlangoni, akaitazama ile ofisi, akageuka. Mama alimwona akigeuka, na moyoni alibaki na swali ambalo hakuthubutu kuliuliza: je, ni yeye aliyemnyima mumewe maisha aliyoyataka, na je, mumewe analo hilo moyoni?

Kiwanda kilipofungwa mwaka 1989, marehemu alipanga chumba juu ya duka la vipuri vya baiskeli, akaweka madawati kumi na manne na ubao, akaanza kuwaandaa watu kwa mtihani uleule uliomshinda. Ngazi za kupandia zilikuwa kumi na tatu, na kila Jumatatu alibandika swali kwenye kila ngazi. Wanafunzi wake walifika darasani wakiwa wameshafanya jaribio. Lugha aliifundisha kwa barua rasmi na ufupisho, na nyumbani hatukusalimika. Kaka yetu, aliye fundi umeme sasa, alipotaka kwenda kulala kwa shangazi ilibidi aandike barua. Ilirudi na wino mwekundu na maneno haya: "Husika na kichwa cha habari hapo juu. Ombi limekubaliwa. Mwandiko umekataliwa." Ajabu ni kwamba katika watoto wake watatu, yaani mshona mapazia, fundi umeme na mpiga picha, hakuna hata mmoja aliyefanya mtihani wa serikali. Alituambia alikuwa na wanafunzi mia sita na watoro watatu.

Aliyepanda ngazi zile kuliko wote alikuwa mama wa chai, ambaye kila siku saa nne alipita na chupa mbili za chai kuwapelekea wanafunzi. Siku moja aliweka chupa chini, akasema, "Mwalimu, leo ngazi ya saba umekosea."

"Nimekosea mimi? Wapi?"

"Umeuliza sayari kubwa kuliko zote, ukaweka majibu manne. Mshtarii haimo hata kwenye moja. Sasa watu wachague nini?"

Marehemu alishuka mwenyewe, akasoma, akapanda akiwa anacheka. "Kesho usije na chupa. Njoo na penseli."

"Na chai wataletewa na nani?"

"Watakunywa maji. Kwani mtihani unafanywa kwa chai?"

Mama huyo alifaulu alipoufanya mtihani mara ya pili, akiwa na miaka thelathini na minne na miezi minane. Alistaafu juzijuzi akiwa karani wa mahakama, naye amekaa pale mstari wa mbele. Ni mmoja kati ya mia sita na kumi na wawili walio kwenye daftari la waliofaulu.

Lakini kilichompa marehemu jina la utani mtaani ni masharti yake mawili. La kwanza, kila baada ya maswali kumi darasa lote liliacha kuandika na kuweka kidole kwenye namba ya safu, kuhakikisha namba ya swali na ya safu ni ileile, kwa sababu mtu akiruka swali bila kuacha safu yake wazi, majibu yote yanayofuata yanasogea mahali pasipo pake. La pili, hakuna aliyeruhusiwa kwenda kwenye mtihani bila raba mbili. "Moja yako," alisema, "moja ya jirani." Watu walidhani ni vichekesho, wakamwita Mwalimu Raba Mbili. Mama alipoyasikia masharti hayo kwa mara ya kwanza, alikuwa amemletea mwavuli aliousahau nyumbani. Alisimama kwenye ngazi ya tisa akashindwa kupanda. Hapo ndipo alipoelewa mumewe alikuwa akihesabu nini siku ile, na lile doa lilikuwa nini. Aliacha mwavuli kwa muuza vipuri, akarudi kazini.

Mwezi Februari 2021 madaktari waligundua kuwa moyo wake umepanuka. Aliendelea kufundisha mpaka mwaka uliofuata, akipumzika kila baada ya ngazi tatu na kujisomea maswali yake mwenyewe. Oktoba mwaka huu alizidiwa, akalazwa. Familia inawashukuru wauguzi wa wodi namba tano, ambao walimhudumia kwa moyo na kujibu maswali mengi yasiyohusu dawa.

Jumanne, tarehe 31 Oktoba, saa tisa mchana, Mama alifungua mkoba wake, akatoa raba ndogo iliyogeuka rangi ya kahawia, akaiweka kwenye kiganja cha mumewe. Binti yao wa kwanza alikuwapo. Marehemu aliitazama muda mrefu.

"Uliruka swali la ngapi?" Mama akamwuliza.

"Arobaini na moja." Akaigeuza raba kiganjani. "Umejua tangu lini, mama watoto?"

"Tangu siku ya mwavuli. Miaka thelathini na mitatu sasa. Ngumi ile ningeifungua ungepata kazi, Mwalimu. Mimi niliogopa. Sasa niambie, ulinionaje?"

"Swali halina machaguo hilo," akasema. "Nipe machaguo."

Mama akafuta machozi, akakaa wima kama mtahiniwa. "A, ulinichukia. B, ulinionea huruma. C, ulinipenda. D, yote hapo juu."

Marehemu akafikiri. Hata katika hali ile hakujibu kwa pupa.

"D," akasema. "Lakini A ilikuwa mpaka kituo cha basi tu."

Mama alicheka mpaka muuguzi akaja kutazama kuna nini. Marehemu hakumrudishia raba, aliifumba ndani ya ngumi yake. Alifariki siku ya Alhamisi, tarehe 2 Novemba 2023, saa tano na dakika ishirini asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na mmoja, na ngumi yake ikiwa bado imefumbwa. Mama hakukubali mtu yeyote aifungue.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, dada mmoja, wadogo zake wawili, na wanafunzi wengi walioketi leo nyuma ya meza za serikali na kuijua fomu inayohusika. Fomu yake mwenyewe ya kifo Mama aliijaza kwa mkono wake. Penye "Kazi ya marehemu" aliandika "Mwalimu", akaweka kidole kwenye namba ya safu, akahakikisha, ndipo akatia sahihi.

Karatasi imekusanywa, Mwalimu, na hakuna cha kufuta. Pumzika kwa amani.