Akkamma na Maua ya Makaburini Aliyoyapanda Mlangoni

Ndugu, majirani, nyote mliokuja kumsindikiza Akkamma: mimi ni Pennamma, wifi yake. Wanawe wamenipa karatasi hii niisome kwa sababu, wamesema, sauti yangu inafika mpaka barabarani. Haya. Nitasoma, na pengine nitaongeza ya kwangu; nikikwama mnivumilie.

Akkamma alizaliwa tarehe 14 Mei 1951 katika kijiji cha Manalkadavu, wilaya ya Kottayam. Mama yake mzazi aliishi siku tisa tu baada ya kujifungua. Akkamma alilelewa na shangazi yake, na kila Jumapili baada ya ibada walipita makaburini kumsalimia mama ambaye hakuacha hata picha. Juu ya kaburi lile yalikuwa yameota maua ya vinka, yale ya waridi yenye petali tano. Kwetu humea yenyewe makaburini, ndiyo maana hakuna anayetaka kuyaona nyumbani kwake. Lakini yule mtoto aliamini kwamba mama yake ndiye anayeyachanua.

Alisoma shule ya kijijini hadi darasa la kumi. Mtihani wa hesabu ulimwangusha mara mbili, na mara ya tatu, mwaka 1968, aliupita. Hakuwa mtu wa kuacha jambo njiani.

Tarehe 3 Februari 1972 alifunga ndoa na kaka yangu Kuruvila. Mama yetu, Eli, alipokuwa akimchora msalaba kwenye paji la uso pale mlangoni, bibi harusi alikuwa ameficha kisanduku cha kiberiti ndani ya blauzi. Humo mlikuwa na mbegu za vinka, nyeusi, ndogo kuliko ufuta, kutoka kaburi la mama yake. Hakumwambia mtu ila mumewe. Mvua za mwaka ule zilipopungua akainua tuta la mchanga wa mto kando ya ngazi za mbele, akazipanda. Yalipochanua, mama aliruka.

"We Akkamma! Umetuletea makaburi mlangoni? Nani kakwambia tumechoka kuishi?"

"Mama, ni maua tu."

"Maua tu! Na jeneza nalo ni kabati tu, eti?"

Akkamma alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaendelea na kazi yake. Na kazi aliijua, jamani! Mbegu alizifunika kwa gunia bichi wiki nzima, maana vinka haichipui kwenye mwanga. Miche ikifika vidole vinne aliikata vichwa ili itoe matawi. Maji alipima kwa kata moja ya kifuu, asubuhi, shinani, na tuta likiwa na unyevu hakumwagilia kabisa. Vinka hustahimili jua kali kuliko sisi sote, ila maji mengi huiozesha mizizi. Mvua kubwa za Juni zilipoyamaliza, hakuhuzunika, kwa kuwa mbegu za kupanda tena alikuwa ameshazichuma.

Sasa nifike kwenye jambo langu. Aprili 1974 nilikuwa na miaka ishirini na mbili, na wachumba wawili walikwishafika getini, wakayaona yale maua, wakageuza. Wa tatu alitarajiwa Jumamosi. Ijumaa mchana, Akkamma akiwa sokoni, nilishika jembe nikang'oa tuta zima, kisha nikarudishia mchanga vizuri. Wageni walipofika, mjomba wa bwana alisimama mbele ya ule mchanga mbichi, mrefu, uliotuna kando ya ngazi. Akavua kofia.

"Poleni sana. Nani amefariki?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Ittoop, huyo bwana mwenyewe, alicheka mpaka machozi, na ndiye mume wangu hadi leo. Wageni walipoondoka, kaka alinivuta kando akaniambia mbegu zile zilitoka wapi. Akaniambia pia kwamba makaburi ya kwao Akkamma yalikuwa yamemwagiwa saruji mwaka uliopita, na kule hakukubaki hata shina moja. Akkamma alikuwa akikusanya kwa ufagio mizizi iliyokwisha kukauka. Alisema neno moja tu: "Ungesubiri nichume mbegu, wifi."

Mvua zote za mwaka ule hakuimba jikoni. Nami sikuomba msamaha. Nilikuwa na kiburi, na aibu ilikuwa kubwa kuliko mimi.

Oktoba, mama alimwita Akkamma nyuma ya zizi la ng'ombe, akafunua kikapu kilichotoboka. Chini ya ukingo wa paa, mahali mvua haifiki, palikuwa na shina moja la vinka lililojiotea, limejaa maua. Mama yuleyule wa makaburi mlangoni alikuwa amelificha tangu Aprili.

"Chukua, upande mlangoni. Ila Pennamma asilione, atalichimbia kaburi!"

Kuanzia 1975 hadi 2011 Akkamma alifundisha watoto wadogo katika kituo cha kijiji chetu hiki. Aliwaonyesha kutoboa makopo ya mafuta chini ili maji yapite, na kila mtoto alihitimu akiwa na kopo lake la vinka. Leo ukipita hapa kijijini utayaona kwenye milango mingi, na hakuna anayesema ni maua ya wafu.

Kisukari kilimpata mwaka 2009. Watu walimshauri atafune majani ya vinka. "Yana sumu," aliwajibu. "Mimi nayapanda niyatazame, siyo niyale." Alifuata dawa za daktari, lakini Septemba mwaka huu figo zilichoka, akalazwa. Mvua zikaozesha tuta lake lote, na safari hii hakukuwa na wa kulipanda tena. Nilikaa naye kila siku. Siku moja nikapata ujasiri.

"Wifi, mwaka ule..."

"Mwaka upi?"

"Ule niliong'oa."

"Aa, wewe! Ulitaka mume, ukampata. Miaka arobaini na tisa umelibeba hilo? Haya, fungua mkono."

Akanitilia kiganjani kisanduku cha kiberiti. "Ni za mwaka jana, ndizo zilizobaki. Uzifunike gizani. Na maji kidogo, Pennamma, kidogo! Nakujua ulivyo na fujo."

Jumapili tarehe 19 Novemba 2023, saa tano asubuhi, alifariki akiwa na umri wa miaka sabini na miwili.

Ameacha mume, Kuruvila, watoto wawili, Reji na Lissy, wajukuu watano, na mimi, wifi yake, ambaye kati ya wote hao nilistahili kuwa wa mwisho kuachiwa mbegu za mama yake.

Mtakapokuwa mkitupia punje za ubani kaburini, kama ilivyo desturi yetu ya kuaga, kisanduku hiki kitabaki mkononi mwangu. Mvua za mwezi huu zikikatika nitapanda mara mbili: mlangoni kwake, na hapa juu yake. Pumzika kwa amani, wifi. Maji nitapima.